Mtoto Aliyekua Ndani ya Faili

Haya kanisimulia mjukuu wangu, yule karani, Jumapili moja ya mvua. Mimi nakunja mashuka, yeye kanishikia ncha ya pili. Shuka la tatu halijafika katikati akaiachia ncha, akakaa chini. Nikajua mashuka hayakunjwi tena siku hiyo.

Na sisi tuendelee palepale tulipokatia. Wiki jana tulimwacha Karani peke yake masijala, kile chumba cha mafaili katika ofisi ya ustawi wa watoto. Ni saa saba mchana, wenzake wamekwenda kula. Mkononi ana faili namba mia na kumi na saba, faili la mtoto anayeitwa Shoto. Na kitasa cha mlango kinazunguka.

Kinazunguka polepole, kama anayekizungusha hataki kusikika.

Karani alifanya la kwanza lililomjia. Aliliweka faili kwenye kiti, akalikalia.

Mlango ukafunguka. Akaingia mkuu wa ofisi, yule ambaye hata walinzi wanamwita Mama Muhuri. Muhuri wa ofisi ile haulali ofisini. Unalala ndani ya mkoba wake, na mkoba haumtoki begani.

"Huli leo?"

"Sina njaa, mama."

"Huna njaa, halafu umekaa wima kama bibi harusi."

"Kiti hiki kinaniuma mgongo."

Mama Muhuri akajifunika vizuri mtandio wake wa sufu, wa buluu, uliofumwa kwa mkono. Masijala ni baridi, dirisha lake halijapata kuona jua. Karani, ili aseme chochote, akausifu mtandio. Akauliza unauzwa wapi.

"Hauuzwi. Yupo msichana nyumbani kwangu, mkono mwepesi ajabu. Ukimpa sufu asubuhi, jioni anakupa nguo." Kisha sauti ikabadilika. "Nipe mia na kumi na saba."

"Halipo rafuni, mama."

Hapo mjukuu wangu hakusema uongo. Rafuni halikuwepo.

"Halipo vipi? Wiki jana nilikwenda nalo nyumbani kuligonga muhuri, Jumatatu nikalirudisha mwenyewe."

"Nitalitafuta."

Mama Muhuri akasogea, akainama, mpaka Karani akasikia pumzi yake. "Nisikilize, mwanangu. Kesho ni kikao cha wazi. Yule dobi wa hospitali amejiandikisha wa kwanza, anataka asomewe faili la mdogo wake. Ukilipata, niletee mimi. Usipolipata, kesho utasimama useme umelipoteza wewe. Karani akipoteza faili ni bahati mbaya. Ofisi ikipoteza faili ni kashfa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na hicho kiti kitafutie fundi."

Akatoka. Karani akakaa vilevile.

Nyuma ya rafu ya mwisho mtu akakohoa.

Alikuwa Bwana Baiskeli. Ndiye afisa anayezungukia nyumba za malezi kuangalia watoto, na jina hilo kalipata kwa sababu miaka yote anazunguka kwa baiskeli moja isiyo na breki. Alitokea na vumbi mabegani. Alikuwa amesimama kule nyuma tangu wenzake walipotoka kula.

"Unafanya nini huko, kaka?"

"Nilikuja kuiba hicho ulichokalia."

Hapa lazima niwaeleze nyuzi, maana bila nyuzi hadithi hii haiendi. Ofisi ile ina desturi ya zamani. Kila miezi mitatu afisa akimtembelea mtoto, humpima urefu kwa uzi wa katani, toka kisigino hadi utosi. Chini afisa anafunga fundo. Juu, fundo la kichwani, anafunga mtoto mwenyewe kwa mkono wake. Uzi unabanwa kwa pini ndani ya faili. Desturi hiyo aliianzisha mkuu wa zamani, baada ya kugundua kwamba afisa wake mmoja alikuwa akiwaandika watoto kwa kuambiwa na jirani, bila kuwaona. Akasema: karatasi humjui aliyeijaza, lakini fundo haliwezi kufungwa na asiyekuwepo.

Maskini, hakujua watu.

Faili la Shoto lilikuwa na nyuzi kumi na moja. Tatu za kwanza zilikuwa na uchafu wa vidole vya mtoto, nyeusi pale kwenye fundo. Nane zilizofuata zilikuwa safi. Ndiyo iliyomfanya Karani alichomoe tena faili lile mchana huo. Mtoto gani huyo, akajiuliza, anayepitisha miaka miwili bila kuchafua uzi?

"Nieleze," akamwambia Bwana Baiskeli.

"Nikikueleza utanipa?"

"Nieleze kwanza."

Bwana Baiskeli akakaa juu ya boksi la karatasi. Akaanza kusimulia huku anatazama mikono yake, kama ile mikono ni ya mtu mwingine.

"Nilikwenda kwenye ile nyumba ya malezi, mwaka juzi, zamu ya nne. Mama mlezi akaniambia mtoto hayupo, gari la ofisi yenu lilikuja likamchukua. Nikarudi nikamwambia mkubwa. Akaniambia, andika yupo. Nikamwambia, mama, hayupo. Akasema, yuko mahali pazuri, hilo ni la ngazi yangu, wewe andika yupo. Mara moja tu."

"Ukaandika."

"Nikaandika. Sasa, dada, ukishaandika yupo, miezi mitatu baadaye utaandikaje hayupo? Utaulizwa kaondoka lini. Uongo ni kama kuzaa. Ukishamleta duniani, lazima umlishe."

"Na nyuzi?"

Nje, mtu alipita korido anacheka, akaenda zake.

"Nilimpima binti yangu. Wanalingana umri. Kila miezi mitatu namsimamisha ukutani pale nyumbani, nampima, anafunga fundo. Kwake ni mchezo. Juzi kaniuliza: baba, huyo unayempelekea urefu wangu, yeye hana wake?"

Karani akajiweka sawa juu ya faili.

"Tangu siku hiyo chakula hakishuki. Mwanangu akipita mlangoni naona wawili. Mmoja ana uso, mwingine hana. Nikitaka kumwita nasita, naogopa wataitika wote." Akanyoosha mkono. "Lete faili nilichome, tulale."

"Ukilichoma ndiyo utalala?"

"Nina watoto watatu, dada. Nikifukuzwa watakula nini?"

"Na huyu wa nne?"

Mkono wake ukabaki hewani. Kisha akausafisha vumbi kwenye suruali, akaondoka bila kuaga.

Mjukuu wangu alitoka ofisini jioni ile na faili tumboni, ndani ya gauni, anatembea kama mjamzito. Mlinzi wa getini akamwambia, "Hongera." Akajibu, "Ahsante." Usiku huo siusimulii, kwa sababu hakuna lililotokea ila mtu mmoja kutolala, kakumbatia faili, anahesabu Alhamisi.

Alihesabu Alhamisi kwa sababu ndiye aliyekaa dirisha la kupokelea watu. Kila Alhamisi asubuhi Dobi, yule dada yake Shoto, alitoka zamu ya usiku, akapita dirishani kwake kabla ya kwenda kulala. Anauliza neno moja: "Anaendeleaje?" Karani anafungua faili, anasoma mstari wa mwisho, anamjibu: "Anaendelea vizuri, dada." Akiomba kumwona mtoto, anajibiwa kama Mama Muhuri alivyoagiza: bado anazoea, ukimwona utamvuruga. Mwaka mzima. Alhamisi hamsini na ushee mjukuu wangu alimlisha mwanamke yule hewa, na mwanamke akashukuru.

Kulipokucha ilikuwa Alhamisi.

Kikao kilikaa kwenye ukumbi wa ofisi, saa mbili asubuhi. Viti vya plastiki, meza ndefu, na kwenye mlango ile sheria mpya imebandikwa: kila miezi mitatu ofisi ifungue milango, na ndugu wa mtoto akitaka kusomewa faili, asomewe mbele za watu. Wananchi walikuwa wamejichagulia mwenyekiti wao, fundi cherehani mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na futi ya kupimia shingoni. Walimwambia siku ya kikao avue futi. Akasema bila futi anasikia baridi.

Dobi aliingia moja kwa moja toka hospitali. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji, vidole vyeupe kama vya mtu aliyefufuliwa. Alinukia dawa ya kufulia. Karibu naye kiti kilikuwa wazi, akaweka pochi yake hapo kama anayemshikia mtu nafasi.

"Wa kwanza nani?" akauliza Fundi.

"Ni mimi, baba. Nimekuja kusomewa faili la mdogo wangu. Tumekuwa wawili tu tangu mama atutoke. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na saba, sina kazi, wakasema siwezi kumlea. Sasa nina kazi na nina chumba. Nataka nijue alivyo, halafu nimwombe."

Mama Muhuri akasimama, mkoba begani. Hakuvaa mtandio, ukumbi ulikuwa na joto.

"Mwenyekiti, nasikitika sana. Faili hilo limepotea. Karani wetu atawaeleza lilivyopotea."

Ukumbi wote ukamgeukia Karani. Akasimama.

"Ni kweli faili lilipotea," akasema. "Lilipotea jana saa saba mchana. Mama alikuja kuliuliza, mimi nimelikalia."

Watu wakacheka. Karani akaenda mpaka mezani, akaliweka mbele ya Fundi. Lilikuwa bado na joto la tumbo lake.

"Hizo ni siri za mtoto," akasema Mama Muhuri. "Sheria hairuhusu."

Fundi akashusha miwani. "Sheria iko pale mlangoni, mama. Inaruhusu. Na chini yake kuna muhuri wako." Akamrudishia Karani faili. "Soma, binti."

Akasoma. Ziara ya kwanza: mtoto yupo, ana afya, analia akikumbuka nyumbani. Ya pili: mtoto yupo, ameanza kucheza, kavunja kikombe. Ya tatu: mtoto yupo, amegombana na mwenzake kwa ajili ya kamba ya kurukia, ameomba radhi.

Dobi alikuwa anatabasamu. "Huyo ndiye," akasema. "Kwa kamba atagombana na yeyote."

Ziara ya nne: mtoto yupo, ana afya, anacheza na wenzake. Ya tano: mtoto yupo, ana afya, anacheza na wenzake. Ya sita: mtoto yupo, ana afya, anacheza na wenzake.

Karani akaendelea mpaka ya kumi na moja. Kufikia ya saba yale maneno yakawa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

"Hakuvunja kikombe kingine?" akauliza Dobi kwa upole. "Miaka miwili?"

Akainuka, akaenda mezani.

"Nipeni nyuzi zake."

Zikatolewa pini, zikapangwa mezani kwa zamu. Fundi akatandaza futi yake pembeni. "Mtoto anakua," akasema. "Kila uzi umemzidi mwenzake. Kwa kukua, sina neno."

Dobi hakutazama urefu. Alichukua uzi mmoja mmoja, akauleta karibu na macho, akalipapasa fundo la kichwani kwa kidole gumba. Tatu akazitenga kulia kwake. Nane akazisukuma mbali.

"Hizi tatu ni zake. Hizi nane si zake."

"Umejuaje, mama?" akauliza Fundi.

"Mdogo wangu ni wa shoto, hata jina lake ndilo hilo. Kufunga fundo nilimfundisha mimi, tumekaa tunatazamana, na kila nilichofanya mimi kulia yeye akakifanya kushoto. Fundo lake linalala huku. Tazama. Na haya manane yanalala kule, kama ninavyofunga mimi, kama unavyofunga wewe."

Fundi akainama. Akatazama fundo la tatu, akatazama la nne, akarudi la tatu. Akatoa uzi wake mwenyewe mfukoni, akafunga fundo, akaliweka kando ya yale manane. Yakafanana kama pacha.

"Miaka arobaini nakata nyuzi," akasema. "Huyu mwanamke anasema kweli."

"Watoto hubadilika," akasema Mama Muhuri. "Amefundishwa kutumia mkono wa kulia. Ni malezi bora hayo."

"Vizuri," akasema Fundi. "Basi aletwe, atufungie fundo hapa kwa huo mkono wa kulia."

"Leo yuko shule."

"Shule gani?"

Mama Muhuri akamgeukia Bwana Baiskeli, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Jicho lile lilikuwa amri. Watu wakamwona Bwana Baiskeli akisimama taratibu, anashika kiti cha mbele yake.

"Mwenyekiti," akasema, "nyuzi nane ni za binti yangu."

Ukumbi ukavuma. Fundi akagonga meza kwa mkasi wake, ukanyamaza.

Akasimulia yote, kama alivyomsimulia Karani. Gari la ofisi. Andika yupo. Ukutani kwake, kila miezi mitatu. Alipomaliza, watu walimtazama Dobi. Walingoja alie, au amrushie kiti. Wengine nadhani walimwombea arushe.

Dobi akauliza, "Binti yako ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Haumwi?"

"Hapana, dada. Mzima."

"Namshukuru Mungu." Akaikunja mikono yake myeupe mapajani. "Kila Alhamisi naambiwa anaendelea vizuri. Naondoka hapa nimefurahi, naenda kulala. Kumbe nilikuwa namfurahia mtoto wako."

Bwana Baiskeli akajifunika uso. Mjukuu wangu naye, pale mezani, akatazama sakafu, maana nusu ya maneno yale yalimgonga yeye.

"Sasa wangu yuko wapi?"

"Sijui, dada. Wallahi sijui. Mama mlezi alisema watu wa ofisi, basi. Naye alihama mwaka uleule."

"Huyu anajitetea," akasema Mama Muhuri, anavuta mkanda wa mkoba. "Kaghushi kumbukumbu za serikali kwa miaka miwili, leo anatafuta wa kumbebesha. Nitamfikisha panapohusika. Naomba kikao kifungwe."

Huenda kingefungwa. Watu walishaanza kusogeza viti. Lakini fundi cherehani ni fundi cherehani, nguo haachi mpaka akague mfuko. Kwenye jalada la nyuma la faili kuna kimfuko cha karatasi, hutiwa kadi ya kuzaliwa. Fundi akaingiza vidole viwili.

Akatoa kadi. Na nyuma ya kadi ukatoka uzi.

Haukuwa wa katani. Ulikuwa wa sufu, wa buluu, umekunjwa vizuri kama barua iliyofungwa. Fundi akaukunjua. Ukapita urefu wa nyuzi zote kumi na moja.

"Na huu?" akamwuliza Bwana Baiskeli.

"Huo siujui." Alikuwa ameshtuka kuliko wote. "Sisi hatutumii sufu. Sikuuweka mimi, na binti yangu hakuufunga."

Dobi alishafika mezani. Akaushika, akatafuta fundo la kichwani kwa kidole gumba. Kidole kikasimama.

Aliuweka uzi ule kando ya zile tatu chafu. Kila mtu aliyekuwa mbele aliona. Mafundo manne, yote yamelala upande mmoja.

"Uzi huu mpya," akasema Fundi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sufu ikikaa nywele zake hulala. Za hii bado zimesimama. Haujamaliza hata mwezi."

"Yuko hai," akasema Dobi.

"Yuko hai, na mkono wake umefika kwenye faili hili."

Karani akageuka kumtazama Mama Muhuri. Kiti kilikuwa kitupu.

Fundi akaahirisha kikao. Akasema faili litalala kwake, dukani, chini ya cherehani, na anayelitaka aje na polisi. Naye mwenyewe alikuwa akienda kwa polisi muda huohuo. Kabla ya kuondoka akampa Bwana Baiskeli kalamu, akamwambia ajaze ziara ya leo. Bwana Baiskeli akainama muda mrefu. Aliandika neno moja: hayupo. Karani anasema tangu aanze kazi pale hajaona mtu akiandika kwa mwandiko mzuri namna ile.

Uzi wa buluu akapewa Dobi aushike hadi utakapohitajika.

Kwenye ngazi walikutana na tarishi, kalamu sikioni. "Mkubwa katoka mbio," akasema, "kachukua dereva. Anasema anawahi nyumbani, kuna mzigo lazima usafirishwe leo leo." Karani alisikia. Lakini alikuwa hajalala tangu jana, na maneno yakampitia masikioni kama redio ya jirani.

Akamsindikiza Dobi. Hakuweza kumwacha aende peke yake.

Chumba cha Dobi ni kimoja, kiko nyuma ya duka la vipuri. Dirishani kaning'iniza blanketi zito, kwa sababu yeye hulala mchana, na jua ndilo adui yake. Ndani mna vitanda viwili. Cha pili kimetandikwa, shuka limevutwa bila kunyanzi, kazi ya mtu anayejua mashuka.

"Kila Jumamosi nabadilisha," akasema. "Nililotandika nalifua, hata kama halikulaliwa."

Akavua viatu. Akasimama wima kando ya mlango, akaukanyaga uzi wa buluu kwa kisigino, akauvuta juu. Fundo la kichwani likagusa bega lake.

"Alipoondoka alikuwa hapa." Akajigusa kiunoni. "Sasa kanifika begani, na mimi sipo." Akakaa kitandani. "Mwenzangu, unafikiri ni kweli? Au naota nimesimama?"

"Ni kweli, dada. Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nakwambia."

"Ulikuwa unasoma kilichoandikwa."

"Ndiyo. Nilikuwa nasoma."

Dobi akamtazama, akaona asimwongezee uchungu. Akajilaza, akazungusha uzi mara mbili kwenye kifundo cha mkono. "Shika ncha ya pili. Nikiamka nikaikuta mkononi mwako, nitajua haikuwa ndoto. Saa tisa tutoke tukamtafute. Tutabisha nyumba moja moja kama hatuna akili."

"Tutabisha."

"Nilale kidogo tu. Miguu hainibebi."

Na akalala. Alilala kama jiwe linavyozama, mdomo wazi, mikono ile myeupe imefunguka.

Karani akakaa kwenye kigoda, ncha ya uzi kidoleni. Nje mtu alikuwa anagonga chuma, tang, tang, polepole. Blanketi limezuia jua lote isipokuwa mstari mmoja, na mstari huo umeangukia ule uzi. Buluu. Buluu nzuri. Akawaza, rangi hii nimeiona, na si zamani. Niliiona mahali pa baridi. Nimekaa juu ya kitu, mtu kainama karibu yangu, pumzi yake ninaisikia, anasema habari za msichana mwenye mkono mwepesi.

Ukimpa sufu asubuhi.

Kichwa kikainama. Akakiinua. Kikainama tena. Jibu lilikuwa limeshafika mlangoni, mjukuu wangu anasema alilisikia kabisa likivua viatu, lakini usingizi uliingia wa kwanza.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Walilala wote wawili, kila mmoja na ncha yake.